Asili ya Kumwezeka Mzazi

Kulikuwa na wakati Ikweni haikuwa na idadi. Watu walikuwepo, tena wengi, na nyumba zilikuwepo, zimetawanyika juu ya mgongo wa mlima kama mbuzi waliofunguliwa asubuhi, lakini hakuna aliyejua ni ngapi na hakuna aliyekosa usingizi kwa kutojua. Ungemuuliza mtu wa siku zile nyumba za Ikweni ni ngapi, angekutazama kama umemuuliza mvua ina matone mangapi, kisha angekuuliza kama umekula.

Kila mwanamke alikuwa na paa lake. Msichana akiolewa anajengewa, mjane akifiwa anabaki kwake na moshi wake, hata bibi kizee asiye na jino alikuwa na nyumba yake ndogo ya nyasi yenye mlango wa kumtosha yeye na kuku wake. Na kutoa kulikuwepo, asikudanganye mtu kwamba watu wa zamani hawakutoa kitu. Kulikuwa na ndiva, lile bwawa la juu linalokusanya maji ya chemchemi, na kutoka kwenye ndiva mfereji ulishuka mpaka mashambani. Mzee wa mfereji akipuliza baragumu alfajiri, kila nyumba ilitoa mtu mwenye jembe. Asiyetoka alitozwa mbuzi, mbuzi akachinjwa palepale mferejini, wenye majembe wakamla, na mwenye mbuzi naye akaitwa aje ale asinune. Mtu alitoa siku yake, na kabla jua halijazama aliyaona maji yakipita kwenye migomba yake. Alijua alichotoa kimekwenda wapi kwa sababu kilimlowesha miguu.

Mwanamke wa Ikweni alipokaribia kujifungua hakujifungulia katika nyumba kubwa. Alijengewa kibanda pembeni, kidogo, cha fito na nyasi, nacho kiliitwa kiota. Nyumba kubwa ina mikuki, ina majivu ya jana, ina maneno ambayo mume na mke wamerushiana, na mtoto mchanga hafai kuyakuta hayo. Zaidi ya yote kulikuwa na mwiko: mzazi hakulala chini ya paa moja na mjane. Walisema mume aliyekufa bado hupita kumtazama mkewe, na akikuta kichanga hapo humpenda, na akimpenda huondoka naye. Kwa hiyo mama na mwanawe walikaa kiotani mpaka kitovu kikauke na mtoto auone mwezi wa pili, kisha kiota kilibomolewa na nyasi zake zikatandazwa kwenye migomba. Kiota hakikuwa nyumba. Hilo hata mtoto anayetambaa alilijua.

Ndipo likaja boma.

Kwanza Wazungu walikuja kupanda bendera, wakaenda. Watu wakasema, haya, wamepanda chao. Lakini mwaka uliofuata alikuja karani kutoka pwani, na kanzu yake na daftari, na askari wawili nyuma yake, akawakusanya watu kiwanjani na kuwaambia kwamba tangu sasa kila paa lina kodi yake, rupia tatu kwa mwaka, na asiyelipa nyumba yake itachomwa. Aliyesema ni mkunga Naetwe, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa upupu, aliyekuwa amepokea karibu kila mtu aliyesimama pale.

“Tukishatoa,” aliuliza, “maji yatapita wapi?”

Karani hakuelewa. “Maji gani? Fedha inakwenda boma.”

“Na boma lina mashamba?”

Askari walicheka, karani akacheka, na watu wa Ikweni wakacheka pia kidogo, kwa sababu mtu mwenye bunduki akicheka ni vizuri kumsaidia. Lakini swali halikujibiwa siku ile, na mwaka uliofuata halikujibiwa, mpaka Naetwe akachoka kuliuliza.

Boma likataka mtu wa kulisimamia mlimani, likamchagua Senkondo. Senkondo ndiye aliyekuwa mzee wa mfereji. Walimchagua kwa sababu waliona akipuliza baragumu watu wanatoka, wakadhani ni baragumu. Wakampa kofia, wakamwita jumbe, wakamwambia katika kila nyumba atakayoilipisha ana sehemu yake. Akapuliza baragumu lilelile alfajiri ileile, na watu waliolisikia wakaingia migombani kujificha. Senkondo alisimama kiwanjani peke yake na kofia yake mpya. Wanasema asubuhi ile alizeeka, ingawa kofia hakuivua.

Basi ikawa hesabu. Kila mwaka karani alipanda, akasimama, akayahesabu mapaa, akaandika. Na watu wakafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: kama ni paa linalotozwa, wakapunguza mapaa. Bibi vizee walibomoa nyumba zao na kuhamia kwa wana wao. Wajane walibeba vyungu vyao na kuhamia kwa wakwe zao. Mwanamume aliyelala nyumba moja na mama yake mzazi aliona haya, akaenda kulala zizini na mbuzi, na asubuhi aliamka na manyoya kichwani na watoto wakamcheka. Mlima ulioonekana umejaa nyumba ukaonekana una vipara. Na hakuna aliyeliona hili linakuja, hakuna kabisa, kwamba kwa kubanana namna ile, kila nyumba ya Ikweni ilikuwa imepata mjane ndani yake.

Wakati huo ndipo Nakiete alipoolewa na Kiangi.

Nakiete alikuwa msichana wa kuogopa. Aliogopa nyoka, aliogopa radi, aliogopa kuku akilia saa isiyo yake, na alipoogopa alisema haraka haraka maneno yakipandana, mpaka Kiangi akamwekea mkono mdomoni na kumwambia, “Pumua kwanza, halafu uogope.” Kiangi alimjengea nyumba nzuri yenye nguzo za mkarambati. Ilikaa miezi mitatu tu ikiwa ya kwao wawili. Kisha baba yake Kiangi akafariki, na mjane wake, mama Namsi, aliibomoa nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe ili mwanawe asiilipie, akaja na mkeka wake kwapani akasimama mlangoni kwa Nakiete.

“Nimekuja kukuharibia nyumba, mwanangu,” alisema. “Ningekuwa na pengine ningekwenda.”

“Karibu, mama,” Nakiete alisema. “Pita. Pita, mama, usisimame nje.”

Akapita. Na walipendana, hilo lisemwe. Walitwanga pamoja na kulima pamoja, na mama Namsi alikuwa na mizaha ya chini chini iliyomfanya Nakiete acheke mpaka akae chini. Lakini karani alipopanda mwaka ule aliisoma nyumba ya mama Namsi kwenye daftari lake, na hata alipoonyeshwa mahali palipobaki majivu na mboga za maboga tu, alitikisa kichwa. Kiangi akamfuata jumbe Senkondo kumwuliza.

“Imebomolewa, mzee, umeiona mwenyewe.”

“Nimeiona,” Senkondo alisema. “Nimemwambia. Daftari lile, mwanangu, lina mahali pa kuongezea. Pa kufutia hapana. Nimeuliza mpaka boma, hakuna anayejua linafutwaje.”

Kwa hiyo Kiangi alikuwa na nyumba mbili, moja ya kulala na moja ya daftarini, na fedha za zote mbili hazikuwepo mlimani. Zilikuwa chini, kwenye mashamba ya mkonge. Akashuka. Kule mtu alipewa kadi, ikaitwa kipande, na kila siku aliyomaliza mafungu yake ya majani ya mkonge ikachorwa mstari, na siku aliyoshindwa kumaliza haikuwa siku, na malipo yalitoka kipande kikijaa. Alimwacha Nakiete akiwa na mimba ya miezi minne. Baadaye mtu wa Ikweni aliyekuwa anarudi alileta neno lake, akalisema mlangoni bila kukaa: “Mumeo anasema akimaliza kipande cha nne atakuwa amezimaliza nyumba zote mbili. Mahindi yakikauka yuko hapa. Lakini anasema, tafadhali, paa lisiongezeke.”

Paa lisiongezeke. Nakiete alilibeba neno hilo kama mtu anayebeba yai kwapani. Kwa sababu mwaka uliotangulia jirani yao alikuwa kiotani wakati wa hesabu, na karani aliandika kiota kile nyumba moja. Walimweleza. Walimweleza wote kwa pamoja na kwa sauti, kwamba hiki ni kiota, mwezi ujao hakipo. Akauliza, “Kina paa?” Wakasema kina paa. “Kuna mtu ndani?” Wakasema kuna mtu. Akaandika. Kiota kile kilishakuwa mbolea ya migomba zamani, na mume wa yule jirani alikuwa bado anakilipia.

Sasa Nakiete alikuwa na kiota chake. Wanawake walikuwa wamemjengea kwa asubuhi moja, kizuri, kinanukia nyasi mbichi, na Naetwe alikuwa ameshika tumbo lake akasema bado siku tisa au kumi. Na jioni hiyohiyo likaja neno kwamba karani amefika, amelala kwa jumbe ng'ambo ya korongo, kesho anahesabu upande wao.

Nakiete hakulala. Alfajiri alitoka akasimama mbele ya kiota, mama Namsi akamkuta pale.

“Tukiezue,” Nakiete alisema.

“Nini?”

“Tukiezue, mama, tukitoe nyasi tu, fito zibaki, ataona ni zizi, zizi halihesabiwi. Akishapita tunarudisha. Ni kazi ya asubuhi moja na Naetwe amesema siku tisa, na wewe ulimsikia, siku tisa, na mvua mwezi huu hakuna, umewahi kuona mvua mwezi huu? Kikiandikwa ni kipande kingine, mama, ni vipande viwili labda, atakuwa kule mpaka mtoto anatembea. Hatamjua. Atamkuta anatembea na atamlilia kama mgeni.”

Mama Namsi alitazama juu. Mbingu ilikuwa safi kama bakuli lililooshwa. “Sawa,” alisema. “Lakini wewe kaa. Nitaezua mimi na wenzangu.”

Nakiete hakukaa. Mtu anayeogopa hawezi kukaa. Alipanda juu ya kinu akavuta miganda ya nyasi, akaibeba mwenyewe mpaka nyuma ya nyumba, akarudi, akabeba tena, na aliporudi mara ya nne au ya tano alisimama katikati ya kiwanja akaushika mgongo, na maji yakamwagika miguuni pake. Hazikuwa siku tisa.

Wakamwita Naetwe, akaja mbio na kisu chake na kamba zake. Nakiete alikuwa ameshaingia kiotani mwenyewe, kwa sababu ndimo alimofunzwa kuwa mtoto huzaliwa, na miguu yake ilimpeleka. Alilala chali akaona mbingu.

“Rudisheni nyasi,” Naetwe alisema.

Mtu mmoja akasema wanaonekana. Na kweli, kutoka barazani kwa jumbe, ng'ambo ya korongo, mteremko wao wote ulionekana kama kiganja, na karani alikuwa ameketi pale kwenye kiti, kanzu yake nyeupe ikionekana, anasubiri uji. Mtu akipanda kuezeka sasa ataonekana akiezeka. Nakiete akasema kutoka ndani, “Msirudishe. Msirudishe, atapita tu, atapita sasa hivi.” Ni yeye aliyesema. Watu wengine baadaye walisema ni mama mkwe, wengine wakasema ni jumbe aliyekataza. Ni yeye.

Wingu lilitoka upande wa ndiva. Hakuna aliyelitazamia, na lilikuja chini, zito, bila radi, na mvua ikaanza kama mtu aliyemwaga ndoo. Karani akasogeza kiti chake mlangoni, bado akiukabili mteremko, akaagiza chai. Angesubiri ikatike. Nao wakasubiri naye, huku na ng'ambo ya korongo.

Mama Namsi akamshika Naetwe mkono. “Muingize nyumbani. Paa lipo, kuna moto. Mimi nitatoka, nitakaa migombani, sitakanyaga mpaka mseme.”

“Umelala humo miezi mingapi?” Naetwe aliuliza.

“Kumi na minne.”

“Ujane hautoki kwa kutoka mwenye nao, mama. Umo kwenye kuta. Mumeo anaijua njia.”

“Basi nyumba ya jirani.”

“Ya nani?” Naetwe alisema. “Nitajie moja isiyo na mjane.”

Mama Namsi alifungua mdomo kuitaja, akaenda mlima mzima kichwani mwake, akaufunga.

Ndipo mwanamke mmoja akaivua kaniki yake ya juu, ile nguo nyeusi waliyojitanda wote siku hizo. Akaingia kiotani, akasimama akimwinamia Nakiete, akaishika kaniki kwa mikono miwili juu ya kichwa chake. Mwingine akaingia, akafanya vilevile. Kisha wengine. Walisimama ndani ya fito bega kwa bega, vichwa vimegusana, migongo imeinama, kaniki juu ya kaniki, na maji yakawatiririka mgongoni na kushuka kwenye visigino vyao badala ya kumfikia yeye. Nakiete alisikia pumzi zao. Mbingu ilikuwa imefungwa.

Lakini haikufungwa yote. Wajane hawakuingia, mwiko uliwazuia, na wajane walikuwa wengi. Walisimama nje ya fito wamezishika kaniki zao zimekunjwa mikononi, wanalowa, na mama Namsi alikuwa wa mbele yao. Kwa hiyo paa lile la watu lilikuwa na pengo upande wa kichwani, pengo la upana wa mwanamke mmoja, na maji yakaingia hapo. Naetwe aliliona. Alimtazama mama Namsi kupitia mvua na mama Namsi akamtazama.

Mtoto alizaliwa wa kike. Alilia mara moja, vizuri, na wanawake wote wakashusha pumzi pamoja. Naetwe alimfunga kwa kipande cha kaniki, lakini kila kipande kilikuwa na maji, hata kile alichokiweka tumboni kwake mwenyewe kukikinga.

Mvua ilipopungua, karani alikuja na mwavuli, jumbe Senkondo nyuma yake amelowa. Wanawake walikuwa bado wamesimama. Mikono yao ilikuwa imekufa ganzi, na waliogopa kuishusha.

“Hii ni nini?” karani aliuliza.

“Ni wanawake tu, bwana,” Senkondo alisema. “Wamejikinga mvua. Hapa ni zizi la mbuzi.”

“Niliona paa kutoka kwako. Jeusi. Nimelitazama tangu asubuhi.”

“Ni nguo zao, bwana.”

“Kuna mtu ndani?”

Na kutoka ndani, mtoto akalia, sauti ndogo kama mlango wa mbali. Karani akalaza daftari kwenye mkono wake, akaandika nyumba moja.

Naetwe akasema bila kugeuka, “Basi uandike na majina ya nguzo.”

“Nguzo hazina majina,” karani alisema, akafunika wino wake. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa ametumwa mapaa, na alikuwa na vilima vinne vingine kabla ya Ijumaa.

Wakarudisha nyasi jioni ile, kwa kuwa sasa hapakuwa na sababu ya kuziondoa. Waliwasha moto kiotani, wakamweka mtoto kifuani kwa mama yake, wakamfunika kwa ngozi kavu. Lakini mtoto alikuwa ameshapoa ndani, mahali ambapo moto haufiki. Hakuuona mchana wa pili. Hakuwa amepewa jina, kwa maana kitovu kilikuwa bado kibichi, na katika mila za Ikweni asiye na jina hafanyiwi matanga. Nakiete hakulia kwa sauti. Alikuwa akisema tu, haraka haraka, “Ni mimi niliyesema tuezue, ni mimi, ni mimi niliyesema,” na mama Namsi akamshika kichwa lakini hakujua kumwambia apumue, hilo alilijua Kiangi.

Kiangi hakurudi mahindi yalipokauka. Neno la paa la tatu lilimkuta mkongeni, na kwa kuwa kodi haikulipwa kwa wakati ikaongezwa, akaongeza vipande. Alirudi baada ya mavuno mawili, mikono yake imechanika kwa miiba ya mkonge, akakuta mke aliyenyamaza. Siku ya tatu aliuliza. “Hiyo nyumba niliyoilipia, nionyeshe.”

Nakiete akampeleka pembeni ya nyumba. Palikuwa na majani ya maboga, hakuna hata fito. Akasimama pale akamweleza yote, polepole, safari hii maneno hayakupandana, na alipofika kwenye wale wanawake waliosimama Kiangi alikaa chini kwenye matope.

“Kwa hiyo nimewalipia wao,” alisema.

“Uliwalipia wao.”

“Basi hizo si hasara,” Kiangi alisema, na hapo ndipo Nakiete alipolia, na alilia mpaka wajane waliokuwa wakipita na kuni wakatua mizigo yao wakakaa naye.

Nakiete aliposhika mimba ya pili, hofu ilirudi ikamjaa mpaka kucha. Alikuwa hawezi kutazama wingu. Naetwe, ambaye sasa alikuwa mzee na ulimi wake umepungua upupu, alikuja kwake mwezi wa mwisho akakaa mlangoni.

“Hakuna kiota,” alisema. “Utajifungulia humu, kwenye nyumba yako, chini ya paa lililolipiwa. Siku ile nilishika mila kwa mkono huu na mtoto kwa mkono huu, nikaufungua mkono usiopaswa. Kama babu anakuja kumtazama mjukuu, na aje. Atamkuta amefunikwa.”

Ulikuwa msimu wa kiangazi, mchana mkavu, nyumba nzima, nyasi zake nene. Hapakuwa na haja yoyote ya kumkinga. Lakini uchungu ulipomshika Nakiete alianza kutazama juu, akatazama juu tu, macho hayashuki, anasema paa limetoka, limetoka, mnaliona limetoka. Wakamwambia lipo. Hakusikia. Mama Namsi alikuwa ameketi nje, kwa mazoea ya mwiko ambao ulikwishafutwa. Akainuka, akaingia, akavua kaniki yake, akasimama upande wa kichwani, mahali pale palipokuwa na pengo, akaitanda juu ya mkwewe. Wanawake wengine wakaona, wakaingia mmoja mmoja, wajane na wenye waume bila kubagua, wakasimama bega kwa bega ndani ya nyumba iliyokuwa na paa lake zima, mpaka Nakiete asione chochote juu yake ila nguo na nyuso zao.

“Panavuja?” mama Namsi aliuliza.

Nakiete alisikiliza. “Hapavuji, mama.”

Ndivyo alivyozaliwa yule mtoto wa pili, naye aliishi, na wengi wa Ikweni tunatoka kwake.

Mengi yamepita tangu hapo. Bendera ile ilishuka ikapanda nyingine, na nyingine tena, ile tuliyoichagua wenyewe. Kodi ya paa ikawa kodi ya kichwa, kodi ya kichwa ikafutwa, zikaja za sokoni na za barabarani. Daftari lile lilihamishwa kutoka kabati la zamani kwenda kabati jipya, na ofisini waliliweka jalada zuri. Wengine waliokuja kulishika walikuwa watoto wetu, waliosoma, wenye adabu, na mmoja wao alijaribu kuifuta nyumba ya tatu ya Kiangi, akashindwa, akasema fomu yake haijaletwa. Zahanati nayo ilikuja, miaka mingi baadaye, ya bati na saruji, na lazima tuseme ilikuja, kwa sababu wapo walio hai kwa ajili yake. Lakini bado tunatoa kwanza na kuuliza baadaye, na mara nyingi anayepita kutuhesabu haji tena mpaka hesabu nyingine.

Kwa hiyo wewe uliyeolewa huku kutoka kwenu, usishtuke siku yako ikifika. Iwe nyumbani chini ya bati, iwe zahanati, iwe hospitali ya mjini ambako muuguzi atawafokea wanawake kwamba wamezidi, wataingia. Hawatakusalimu kwanza wala hawatauliza ni mtoto gani. Mjane atatangulia na kusimama kichwani kwako, na wengine watamfuata, watavua khanga zao na kuzitanda juu yako mpaka usiione dari. Tunaita kumwezeka mzazi. Utasikia joto lao, na harufu ya moshi na ya sabuni, na utaona mikono yao inatetemeka kwa kushikilia juu. Kisha yule mjane atakuuliza kama panavuja. Nawe, hata kama chozi la mmoja wao limekudondokea usoni sasa hivi, utamjibu kwamba hapavuji.